Ugeni Ndani ya Lugha Moja: Jinsi Majirani wa Afrika Mashariki Wanavyosikia Majina ya Kisiasa na Taswira Mgando za Kimaeneo

Ikisiri

Makala hii inaeleza namna raia wa nchi moja ya Afrika Mashariki anavyoyapokea majina ya kisiasa na taswira mgando za kimaeneo za nchi jirani inayotumia Kiswahili. Hoja yake kuu ni kwamba lugha ya pamoja humpa jirani maana ya kikamusi upesi mno, hata asijiulize kama anaijua historia iliyobebwa na neno. Kwa sababu hiyo, mgeni anayeshiriki lugha anaweza kupotoka zaidi kuliko mgeni asiyeijua lugha hiyo, ambaye hulazimika kuuliza. Hoja inajengwa kwa mifano ya maneno jimbo, wazalendo, Mpemba, machinga, Mswahili na madoadoa, pamoja na uzoefu wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda iliyokuwa Arusha. Mwishoni yanatolewa mapendekezo kwa watunga sera, watazamaji wa uchaguzi, wafasiri na wanaleksikografia.

1.0 Utangulizi

Mwezi wa Aprili 2022, miezi minne kabla ya uchaguzi mkuu wa Kenya, Tume ya Kitaifa ya Uwiano na Utangamano (NCIC) ilitangaza orodha ya maneno ambayo iliona yanaweza kuchochea chuki. Miongoni mwa maneno ya Kiswahili yaliyotajwa yalikuwamo madoadoa, kwekwe, wabara na chunga kura. Msomaji wa Dodoma au Unguja aliyeiona orodha hiyo hakuhitaji kamusi. Madoadoa ni alama za rangi tofauti juu ya kitu. Kwekwe ni magugu ya shambani. Wabara ni watu wa bara. Kuchunga kura ni kuhakikisha haziibwi. Aliyaelewa maneno karibu yote, lakini si lazima awe alielewa kwa nini chombo cha dola kiliona haja ya kuyaonya.

Hali hiyo ndiyo inayochunguzwa hapa. Tafiti nyingi kuhusu namna wageni wanavyoiona nchi fulani huchukulia kwamba mgeni ni mtu wa lugha nyingine: mwanahabari wa Ulaya, mwanadiplomasia, mfanyakazi wa shirika la misaada. Katika Afrika Mashariki, mgeni wa karibu zaidi ni jirani, na jirani huyo mara nyingi anazungumza Kiswahili. Anasoma magazeti ya wenyeji bila mfasiri na anasikiliza mikutano yao ya kampeni moja kwa moja. Ugeni wake haumo katika msamiati. Umo katika historia ya msamiati.

Istilahi mbili zinahitaji ufafanuzi. Taswira mgando ni picha iliyogandishwa kuhusu watu wa eneo au kabila fulani, inayompa kila mmoja wao sifa moja kabla hajafahamika. Jina la kisiasa ni jina ambalo kundi linajipa au linabandikwa ili lijulikane liko upande gani katika ugombanizi wa madaraka. Mambo haya mawili hukutana mara kwa mara, kwa kuwa jina la eneo huweza kugeuka jina la chama, na jina la chama likawa njia ya kutaja kabila bila kulitaja.

2.0 Neno moja, historia nyingi

2.1 Jimbo

Hakuna neno linaloonesha jambo hili waziwazi kuliko jimbo. Nchini Tanzania, jimbo kwa matumizi ya leo ni eneo la uchaguzi linalotoa mbunge mmoja. Wakati wa ukoloni wa Mwingereza neno hilo lilitumika kwa sehemu kubwa za utawala, kama vile Jimbo la Ziwa, lakini baada ya uhuru nafasi yake ilichukuliwa na mkoa. Kwa waumini wa Kanisa Katoliki, jimbo ni eneo lililo chini ya askofu. Katika Kiswahili cha Kongo, jimbo ni sehemu kuu ya utawala wa nchi, nazo ni 26 tangu mgawanyo uliotokana na Katiba ya 2006 ulipotekelezwa mwaka 2015. Katika matumizi yote hayo, neno lenyewe halina ukali.

Nchini Kenya, wingi wa neno hilo, majimbo, ni jina la msimamo wa kisiasa. Katika mazungumzo ya katiba yaliyotangulia uhuru, chama cha KADU kilidai serikali za majimbo ili kuzilinda jamii ndogo dhidi ya nguvu ya KANU. Katiba ya 1963 iliyaweka majimbo hayo, lakini KADU ilijivunja mwishoni mwa 1964 na mfumo huo ukaondolewa. Neno lilirudi kwa kishindo mwaka 1991, pale wanasiasa wa Bonde la Ufa walipofanya mikutano ya kudai majimbo huku madai ya vyama vingi yakipamba moto. Katika mikutano hiyo neno lilianza kusikika kama wito wa kuwarudisha “kwao” watu waliohesabiwa kuwa wageni katika eneo hilo. Ghasia za 1991 hadi 1993 zililipa neno maana ambayo ufafanuzi wa kikatiba haukuweza kuifuta. Mwaka 1997, mashambulizi ya Likoni dhidi ya watu waliotoka bara yaliukaza uhusiano huo katika Pwani. Mjadala wa majimbo ulipoibuka tena katika kampeni za 2007, upande mmoja ulizungumzia mgawanyo wa rasilimali na upande mwingine ukasikia tishio la kufukuzwa. Haishangazi kwamba Katiba ya 2010, iliyogawa madaraka kwa serikali 47 za maeneo, ilizungumziwa kwa msamiati mwingine kabisa: kaunti na ugatuzi. Jambo lililoogopwa chini ya jina moja lilipata nafasi ya kujadiliwa upya chini ya jina lingine.

Sasa na afikiriwe Mkenya anayesoma kwamba chama cha CHADEMA cha Tanzania kimekuwa na sera ya majimbo. Historia ya nyumbani inamwashiria hatari ya watu kufukuzwa makwao. Sera yenyewe imehusu kupeleka madaraka kwa maeneo makubwa kuliko mikoa, na ubishi wake nchini Tanzania umekuwa juu ya umoja wa kitaifa na gharama za utawala. Kwa upande wa pili, Mtanzania anayesikia mzee wa Nakuru akisema kwamba majimbo yaliwafukuza huenda akadhani mzee huyo analalamikia mipaka ya maeneo ya uchaguzi. Wote wawili wamesikia Kiswahili fasaha, na wote wawili wamekosea.

2.2 Wazalendo

Mfano wa pili ni wa miaka ya karibuni. Katika fasihi ya siasa ya Tanzania, mzalendo ni sifa njema: mtu anayeipenda nchi yake na kuitumikia. Baadaye sifa hiyo iliingia katika jina la chama cha ACT-Wazalendo. Mwaka 2019 Maalim Seif Sharif Hamad alihamia chama hicho kutoka CUF pamoja na wafuasi wengi wa Zanzibar, na kwa hiyo visiwani jina hilo likafungamana na upinzani wenye mizizi mirefu Pemba. Jina lilelile linasikika kwa namna moja Morogoro na kwa namna nyingine Wete.

Mashariki mwa Kongo, Wazalendo ni jina linalotumiwa kwa makundi ya wapiganaji yanayopambana na M23 kwa upande wa serikali. Jina hilo huwakusanya pamoja wapiganaji wa makundi yaliyokuwa na majina, viongozi na malengo mbalimbali. Katika mji wa Goma limewahi kuhusishwa pia na dhehebu la kidini ambalo makumi ya wafuasi wake waliuawa na wanajeshi wa serikali tarehe 30 Agosti 2023, walipokuwa wakijiandaa kuandamana kupinga majeshi ya kigeni. Raia wa Kivu anapotamka Wazalendo anaweza kuwa anasifu, anaogopa au anataja tu kundi lililoweka kizuizi barabarani. Askari au mtazamaji kutoka Tanzania hulisikia kwanza kama sifa, kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa shuleni. Tangu Kongo ilipoingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na majeshi ya majirani yakapelekwa mashariki mwa nchi hiyo, tofauti hii imekuwa suala la usalama na si la isimu peke yake.

3.0 Jina la mahali linaposafiri

Aina ya pili ya upotofu hutokea pale jina la watu wa mahali linapovuka mpaka na kuchukua kazi mpya. Jina Mpemba linafaa kuchunguzwa kwanza. Katika miji mingi ya Tanzania Bara, Mpemba ni mwenye duka la mtaani, na usemi “duka la Mpemba” hutumika pasipo kuuliza asili ya mwenye duka. Ni taswira mgando ya kibiashara, sawa na Mangi, cheo cha watawala wa Kichaga ambacho sasa huitiwa mwenye duka yeyote anayedhaniwa ametoka Kilimanjaro. Zanzibar, kwa upande mwingine, Mpemba limekuwa jina la kisiasa. Kwa kuwa Pemba imekuwa ngome ya upinzani tangu vyama vingi viliporudi mwaka 1992, kumtaja mtu kuwa Mpemba kunaweza kuwa njia ya kusema anapiga kura upande gani. Majina ya zamani kama Hizbu, lililokuwa la chama cha ZNP kabla ya Mapinduzi ya 1964, yaliendelea kubandikwa wapinzani miongo mingi baada ya chama chenyewe kutoweka.

Nchini Kenya, Wapemba wamejulikana kwa muda mrefu kama wavuvi wa Kwale na Kilifi. Baadhi walihamia vizazi vingi vilivyopita. Mwaka 2001, baada ya waandamanaji kupigwa risasi Zanzibar, watu wapatao 2,000 walivuka bahari hadi Shimoni wakitafuta hifadhi. Wapemba waliokaa Kenya kwa vizazi waliishi bila vitambulisho hadi mwaka 2023, serikali ilipowatambua kuwa mojawapo ya jamii za Kenya, kama ilivyowatambua Wamakonde miaka michache kabla yao. Jina moja, basi, ni la mwenye duka jijini Dar es Salaam, la mpinzani Unguja, na la jamii yenye haki ya uraia Kilifi. Mtumishi wa umma wa Kenya aliyeandikisha Wapemba hakuhitaji kujua siasa za Zanzibar ili aijaze fomu. Hata hivyo, angeandika ripoti juu ya sababu za watu hao kukimbia akitumia maana ya Kilifi pekee, angepoteza kiini cha habari.

Machinga linaonesha mwendo wa kinyume: jina la kimaeneo lililosahaulika kuwa ni la kimaeneo. Asili yake ni Wamachinga, watu wa kusini-mashariki mwa Tanzania, ambao vijana wao walijulikana kwa uchuuzi wa mitaani Dar es Salaam. Leo machinga ni mchuuzi mdogo wa asili yoyote. Lina jengo la soko lenye jina hilo Ilala, na limekuwa neno la kawaida katika hotuba na sera za serikali. Kuna hata maelezo ya mitaani yanayodai kwamba limetokana na maneno ya Kiingereza. Kuenea kwa maelezo hayo ni dalili kwamba watumiaji wengi hawaioni tena Lindi ndani ya jina. Mgeni anayejua asili yake anaweza kulisikia kama tusi la kikabila ambalo wenyeji hawalisikii. Ujuzi wa etimolojia, bila ujuzi wa matumizi, nao hupotosha.

Jina Mswahili ni mfano unaowagusa moja kwa moja wanaoendeleza lugha hii. Katika mwambao wa Kenya, Mswahili ni mtu wa jamii yenye miji, ukoo na historia inayojulikana. Tanzania Bara, kuambiwa una “mambo ya Kiswahili” kunaweza kuwa shutuma ya ujanja au ahadi zisizotimizwa, na uswahilini ni makazi ya watu wa kipato kidogo yaliyojengwa bila mpango. Bujumbura na Kigali, jina hilo limefungamana na Waislamu wa mitaa kama Buyenzi na Nyamirambo, na mara nyingi limebeba dhana ya mtu mwerevu asiyeaminika. Nchini Uganda, kumbukumbu ya Kiswahili kama lugha ya kambi za jeshi, hasa wakati wa Idi Amin, ilikifanya kisikike kwa wengi kama lugha ya amri na uporaji. Uganda iliifanya lugha hii kuwa lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya katiba ya 2005, lakini sheria hubadilika upesi kuliko sikio. Mpango wowote wa kueneza Kiswahili unaochukulia kwamba jina la lugha lina heshima sawa kila mahali utakutana na ukinzani ambao waandaaji wake hawatautambua chanzo chake.

4.0 Utani na uadui

Aina ya tatu inahusu uhusiano wa wanaozungumza. Nchini Tanzania, taswira mgando nyingi za kikabila huishi ndani ya utani. Wapare husemwa kwa ubahili, Wachaga kwa kupenda fedha, Wahaya kwa majivuno, na wanaosemwa nao hujibu. Wachaga na Wapare ni watani, na utani wa Wanyamwezi na watu wa pwani unahusishwa na misafara ya biashara ya karne ya 19. Mtani ana ruhusa ya kukejeli, na ana wajibu wa kusaidia msibani. Kejeli bila wajibu huo haihesabiwi kuwa utani.

Mkenya anayeingia katika ofisi ya Dar es Salaam na kusikia maneno hayo anaweza kuhitimisha kwamba Tanzania imejaa ukabila uliofichwa. Mtanzania anayeingia Nairobi na kusikia Wakikuyu wakisemwa kwa fedha, au Waluo kwa kujitanua, anaweza kucheka na kuchangia, akidhani amekuta utani wa kwao. Vichekesho vya Kenya, kwa mfano Vioja Mahakamani, vimetumia lafudhi za makabila kwa miaka mingi na kuwafurahisha watu wa makabila yote. Lakini maneno yaleyale yakitamkwa katika mkutano wa kampeni huingia katika hesabu za nani atatawala na nani atakosa. Kicheko cha mgeni katika mkutano huo husikika kama kuunga mkono.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba Tanzania ina utani tu na Kenya ina uadui tu. Dhana hiyo yenyewe ni taswira mgando, na inapendwa sana na Watanzania. Chama cha CHADEMA kimebandikwa na wapinzani wake jina la chama cha watu wa Kaskazini, na hapo sifa ya kupenda fedha iliyokuwa mzaha wa watani inageuka hoja ya kumnyima mtu madaraka. Mwaka 1995, Mwalimu Julius Nyerere aliutaja ukabila miongoni mwa nyufa alizoziona katika taifa, akiwaonya waliotaka kuingia Ikulu kwa njia hiyo. Asingekuwa na sababu ya kuonya kama utani ungekuwa kinga kamili. Kwa upande wa Kenya, si kila kutaja kabila ni uchochezi. Vyombo vya habari vya nchi hiyo hutumia zaidi neno jamii mahali ambapo Mtanzania angesema kabila. Mtanzania anayesoma kwamba jamii fulani imekutana kujadili uchaguzi anaweza asitambue kabisa kwamba habari hiyo ni ya kikabila.

5.0 Sitiari na gharama ya kutouliza

Neno madoadoa linaonesha gharama hiyo. Katika siasa za Bonde la Ufa, tangu ghasia za miaka ya 1990, lilitumika kwa watu wa makabila mengine waliokaa eneo hilo. Kuondoa madoadoa kulimaanisha kuwaondoa. Kwekwe lilifanya kazi ileile kwa sitiari ya shamba. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, zaidi ya watu 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakayahama makazi yao. Tarehe 1 Januari 2008, kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret lilichomwa moto likiwa na watu waliokimbilia humo. Januari 2022, seneta mmoja alipotumia neno madoadoa katika mkutano wa kampeni Eldoret alikamatwa, naye akajitetea kwamba alikusudia siasa za vyama. Ubishi juu ya nia yake unaweza kuachiwa wanasheria. Kwa isimu, lililo muhimu ni kwamba neno hilo lilitamkwa katika mji huo, mbele ya watu wenye kumbukumbu hiyo, katika mwaka wa uchaguzi. Maana ilikuwa imekwisha kuwapo mahali hapo kabla msemaji hajapanda jukwaani.

Mtanzania aliyefuatilia mkutano huo kwa redio angesikia mtu akisema juu ya madoa. Vivyo hivyo kwa chunga kura: mwaka 2015, vyama vya upinzani vya Tanzania viliwahimiza wafuasi kulinda kura, na ubishi ulihusu umbali wa mita 200 kutoka kituoni, suala lililofika Mahakama Kuu. Usemi unaokaribiana sana uliwekwa na tume ya Kenya katika orodha ya maneno ya kuonywa, kwa kuwa huko uliweza kusikika kama wito kwa vijana wa eneo fulani kuwafukuza vituoni wapiga kura wa upande mwingine.

Kuna mfano wa karibu wa wageni waliolishughulikia tatizo hili kwa uangalifu. Katika kesi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa wilaya ya Taba, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda ilikaa Arusha ikiwa na majaji kutoka Senegal, Sweden na Afrika Kusini. Mashahidi walizungumza Kinyarwanda, na maneno yao yalifasiriwa kwa Kifaransa na Kiingereza. Mahakama ilitambua kwamba maneno kama Inyenzi, Inkotanyi na Ibyitso hayawezi kuhukumiwa kwa tafsiri ya neno kwa neno. Ilimsikiliza mtaalamu wa isimu, Dkt. Mathias Ruzindana, akieleza asili ya kila neno na jinsi lilivyobadilika. Inkotanyi, lililokuwa na historia ya kishujaa tangu enzi za wafalme na ambalo wapiganaji wa RPF walijiita, lilikuja kutumika pia dhidi ya Watutsi kwa ujumla. Inyenzi, maana yake mende, lilihusishwa na wapiganaji wakimbizi wa miaka ya 1960 kabla ya kuwa jina la kuwavua watu utu wao. Hukumu ya tarehe 2 Septemba 1998, ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa kosa la mauaji ya kimbari, ina sehemu inayojadili maneno haya, na inasisitiza kwamba maana ilitegemea muktadha na wakati.

Majaji hao walifaulu kwa sababu walijijua kuwa wageni. Kutoijua lugha kuliwalazimisha kuuliza: neno hili limetoka wapi, nani alilitamka, dhidi ya nani, na wasikilizaji walifanya nini baada ya kulisikia? Jirani anayezungumza Kiswahili haoni haja ya kuuliza hivyo anaposikia kwekwe au Wazalendo. Ufasaha wake unamfungia mlango ambao ujinga ungemfungulia.

6.0 Mambo ya kuzingatia katika sera

Kwanza, timu za watazamaji wa uchaguzi zinazoundwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki hujumuisha watu wanaojua Kiswahili, na hilo huhesabiwa kuwa ubora. Ni ubora, ila hautoshi. Mafunzo yao yanapaswa kuwa na kipindi maalumu juu ya majina ya kisiasa ya nchi husika, kikiongozwa na wenyeji wa maeneo mbalimbali. Mwenyeji mmoja wa mji mkuu hawezi kueleza masikio ya Eldoret, Wete na Kwale kwa pamoja.

Pili, wafasiri na waandishi wa habari wanaovusha taarifa mpakani wasilipe jina la kisiasa kisawe cha kwao. Ni bora jina libaki kama lilivyotamkwa na liongezewe maelezo mafupi ya nani hulitumia na kwa nani. Mhariri wa Dar es Salaam anayebadili “jamii” kuwa “wananchi” amesafisha sentensi na kuificha habari.

Tatu, orodha za maneno ya kuonywa zina manufaa na zina mpaka. Orodha ya 2022 ilizua ubishi kwa kuingiza neno hatupangwingwi, lililotokana na wimbo wa vijana na kubeba maana ya kukataa kupangiwa mambo. Wengi waliuliza iwapo tume ilikuwa ikizuia chuki au kaulimbiu ya upande mmoja. Orodha isiyoeleza muktadha humwacha mwenyeji na malalamiko, na humfanya mgeni adhani kwamba hatari imo katika herufi. Aidha, neno likionywa, wachochezi huweza kuhamia neno jingine.

Nne, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, ina nafasi ambayo mabaraza ya kitaifa hayana. Inaweza kuratibu sajili ya kikanda ya majina ya kisiasa na ya kimaeneo, ambamo kila ingizo litajibu maswali matano: ni nani hulitamka jina, huwataja nani, wanaotajwa hujiita nini wenyewe, lilianza lini kuwa na maana hiyo, na je, limewahi kutumika wakati wa ghasia? Kamusi sanifu haina budi kutoa maana ya jumla. Sajili hii ingetoa maana ya mahali, na ingehitaji kuhuishwa kila baada ya uchaguzi mkuu katika nchi yoyote mwanachama.

7.0 Hitimisho

Usanifishaji wa Kiswahili ulilenga kuwapa watu wa eneo hili maneno ya pamoja, na kwa kiasi kikubwa umefaulu. Haukukusudiwa, wala haungeweza, kuwapa kumbukumbu ya pamoja. Majimbo yatabaki na mzigo wake Nakuru na wepesi wake Morogoro. Mpemba ataendelea kuwa mtu mmoja dukani na mwingine katika daftari la wapiga kura. Kadiri Jumuiya inavyopanuka na Kiswahili kinavyopewa nafasi zaidi katika vikao vyake, ndivyo watu wengi zaidi watakavyosikilizana bila mfasiri, na ndivyo watakavyokosa yule mtu wa tatu ambaye kazi yake ilikuwa kusimamisha mazungumzo na kuuliza maana. Kazi hiyo sasa inawaangukia wenye lugha wenyewe. Jirani anayesikia neno analolijua katika kinywa cha mwenyeji anapaswa kulichukulia kwanza kama neno la kigeni, alitafutie historia yake, kisha ndipo aseme amelielewa.